Barua ya Kuomba Ada



Wapendwa waamini, jioni ya Jumanne iliyopita tulipata mgeni nyumbani kwa mapadre. Alikuwa padre kijana, mzaliwa wa kigango kimojawapo cha huku kwetu Kimali, ambaye wengi wenu mlimshangilia siku ya Misa yake ya shukrani. Alifika kwa bodaboda, suruali imejaa tope jeusi la mbuga hadi magotini, na kifuani amekumbatia bahasha ya kaki aliyoiviringisha ndani ya koti la mvua, yeye mwenyewe akikubali kulowa. Baada ya chai na habari za nyumbani akaifungua. Baba Askofu amemruhusu kwenda kusomea Sheria za Kanisa, nao wafadhili anaowaomba wamemtaka aeleze katika ukurasa mmoja kwa nini anahitaji msaada.

“Baba Paroko,” akasema, “naomba unisahihishie lugha tu.”

Lugha haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika sentensi ya pili, iliyosema kwamba yeye anatoka katika sehemu kame ambako watu hawana chochote. Tuliiweka ile karatasi mezani. Mchana wa siku hiyohiyo mama mmoja mjane alikuwa ametuletea tetea kuwa zaka yake, akatuonya tusimchinje kwa kuwa anataga vizuri, na wakati tunasoma tulikuwa tunamsikia kuku huyo akilalamika jikoni kwa ugeni. Tukajiuliza mama yule angesema nini kama angeisoma sentensi ile. Ila hatukuwa na uso wa kumkaripia padre kijana, kwa sababu barua ile tuliifahamu. Tulishaiandika sisi wenyewe.

Ilikuwa mwaka 2014, tukiwa paroko msaidizi katika parokia nyingine. Tulikuwa tumepewa ruhusa ya kusoma lisensiati, yaani shahada ya pili ya Kanisa, inayofuata ile tunayohitimu nayo seminari kuu. Ruhusa tulipewa, ada tuliambiwa tuitafute. Mafunzo yalikuwa Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kile kilichoanzishwa na maaskofu wa AMECEA mwaka 1984 kikiwa taasisi ya juu ya taalimungu, kisha kikapata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 1992. Padre wa Usukumani akisikia Nairobi anadhani ni karibu, mpaka ajumlishe ada, malazi, kibali cha kuishi, vitabu na nauli. Tulijumlisha mara tatu tukitumaini tumekosea.

Tukaandika kwa parokia moja ya ng’ambo tuliyopewa anwani yake. Tuliandika kwa ufundi, Mungu atusamehe. Ukame tuliuweka mbele, njaa ikafuata, na watoto tukawasogeza karibu na kamera. Tuliambatisha picha ya mvulana wa miaka minane hivi, miguu mitupu, vumbi hadi kwenye nyusi, akiangalia juu kana kwamba anaomba mbingu zifunguke. Tuliituma kutoka mjini kwa barua pepe, tukarudi tukiwa tumeridhika. Nakala yake tukampelekea mwalimu mstaafu aliyekuwa katekista wetu, ili afurahi pamoja nasi. Aliisoma yote polepole, akavua miwani, akatuuliza:

“Padre, huyu mtoto uliyemwandika hana viatu, unamfahamu?”

Tulinyamaza.

“Huyu ni mjukuu wangu. Viatu vyake viko hapa pembeni,” akagusa ukingo wa picha kwa kidole, “ndiyo magoli. Alikuwa anaangalia mpira uliokuwa juu.”

Hakuongeza neno. Alikunja karatasi vizuri, akaturudishia, akaenda kufungua kanisa kwa ajili ya masifu ya jioni. Tumewahi kusemwa na wakubwa wetu, na tulistahili. Lakini hakuna karipio lililotukaa moyoni kama kile kidole pembeni mwa picha.

Baada ya miezi miwili jibu likaja, pamoja na fedha kidogo. Si kwa ajili ya ada. Wale watu wema walikuwa wamechanga kwa ajili ya viatu vya mtoto. Leo tunaweza kucheka. Siku ile tulikaa na lile jibu chumbani kama mtu aliyekamatwa. Tulipompelekea Mwalimu zile fedha alikataa kuzigusa. “Waandikie,” akasema, “uwaambie ana viatu.” Ilituchukua wiki tatu kuandika barua fupi kuliko zote tulizowahi kuandika. Tulieleza picha ilipigwaje, tukaomba radhi, tukauliza fedha tuzirudishe kwa njia gani, na kwa kuwa tulishaaibika vya kutosha tukaongeza jambo la kweli tulilolihitaji: ada ya kiasi fulani, kwa masomo ya namna fulani, kwa kazi fulani tutakayoifanya tukirudi.

Mtunza hazina wao alijibu kwa maswali matatu makavu. Ada yote ni kiasi gani? Jimbo lenu linatoa kiasi gani? Na waamini wako wanatoa kiasi gani? Mawili ya kwanza tuliyaweza. La tatu lilitushinda, kwa maana hatukuwahi kuwauliza waamini. Tulikuwa tumewapiga picha, tumewaeleza kwa wageni, tumewahesabu kuwa ni watu wasio na kitu, na hatukuwa tumewaambia hata kwamba tunataka kwenda shule.

Tukasimama Dominika iliyofuata baada ya matangazo, sauti ikitetemeka, tukasema. Jumuiya Ndogo Ndogo zikaenda kukaa. Zilirudi na mbuzi watatu, magunia mawili ya dengu, fedha za pamba kutoka kwa wachache waliokuwa wameshalipwa, na ndoo moja ya mtama iliyotoka kwa mtu ambaye hakutaka jina lake lisomwe. Kwa hesabu ya Nairobi haikufika hata muhula mmoja. Kwa hesabu ya mtunza hazina ilikuwa jibu la swali la tatu, na ile parokia ya ng’ambo ikabeba sehemu kubwa ya yaliyobaki. Ile fedha ya viatu wakatuambia tuinunulie mipira. Tulisoma miaka miwili, na kila tulipotaka kulala mapema tukaikumbuka ndoo ya mtama.

Padre kijana alisikiliza haya yote huku chai yake ikipoa. Kisha akauliza swali lenye akili: “Sasa nisipoandika shida, niandike nini? Maana wanaouliza wanataka kujua shida.”

Ndugu zangu, hapa inafaa mjue fedha hizi zinatoka wapi, maana baadhi yenu hudhani padre akipelekwa masomoni kuna kasha Roma lisilopungua. Mwaka 1889 Askofu Jules-Alphonse Cousin wa Nagasaki, kule Japani, alimwandikia mama mmoja wa mji wa Caen, Ufaransa, Stéphanie Bigard, na binti yake Jeanne. Shida yake ilikuwa ya wazi: alikuwa na vijana walioitwa kuwa mapadre, na kwa kukosa fedha angelazimika kuwarudisha makwao. Nayo ilikuwa barua ya kuomba ada. Mama na binti hawakuwa na mamlaka yoyote katika Kanisa. Walitumia mali yao, wakajibana, wakaanza kugonga milango ya watu wengine, na kutokana na kugonga huko likazaliwa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo Papa Pio XI alilifanya kuwa la Kipapa mwaka 1922. Jeanne aliishi miaka yake ya mwisho katika ugonjwa wa akili, akafariki mwaka 1934. Hakuwaona watu wa Kimali, wala sisi hatukumwona. Lakini seminari za nchi za misioni, za kwetu zikiwamo, zimeendeshwa kwa msaada wa Shirika hilo, na mjini Roma ipo nyumba yenye jina la Mtume huyohuyo wanamoishi mapadre wanafunzi kutoka nchi kama yetu.

Tuliulizana na kijana wetu: Askofu Cousin aliandika nini hasa? Alieleza ana nini na amepungukiwa nini. Alikuwa na miito. Alipungukiwa fedha. Hakuhitaji kusema kwamba Nagasaki hakuna chochote, na kama angesema hivyo angekuwa amewatukana Wakristo wa Nagasaki, ambao wazee wao walitunza imani kwa siri zaidi ya karne mbili bila padre. Mtume Paulo naye, alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwasifu watu wa Makedonia kwa ukarimu wao katikati ya ufukara. Ufukara aliutaja. Ila aliowataja kuwa mafukara ndio haohao aliowataja kuwa watoaji.

Basi tukamwuliza mgeni wetu: sisi huku tuna nini? Tuna padre aliye tayari kusoma miaka mitatu, kwa maana tangu mwaka 2002 lisensiati ya Sheria za Kanisa ni ya miaka mitatu na si miwili. Tumepungukiwa nini? Hapo kijana alichangamka, kwa kuwa anayajua kuliko sisi. Sheria ya Kanisa inadai kwamba hakimu wa mahakama ya Kanisa awe na udaktari au walau lisensiati ya sheria hiyo, na mtetezi wa kifungo cha ndoa vilevile. Papa Fransisko alirahisisha taratibu za mashauri ya ndoa mwaka 2015, lakini hakuondoa haja ya watu waliosoma. Na ninyi mnaosoma haya mnajua, pengine katika nyumba zenu wenyewe, kwamba wapo wanaokuja Misa kila Dominika wakabaki kwenye benchi wakati wa Komunyo, wakisubiri shauri la ndoa lisikilizwe. Padre kijana akasema kwa sauti ya chini kwamba dada yake ni mmoja wao. Hilo halikuwamo katika barua. Wala hatukumshauri aliweke, kwa sababu ni la dada yake. Ila tulimwambia kwamba lile ndilo linalomtoa nyumbani, na barua iliyoandikwa na mtu anayejua kinachomtoa nyumbani haihitaji kupambwa kwa vumbi.

Tukamkumbusha pia Kardinali Laurean Rugambwa. Yeye naye alikuwa padre wa miaka michache alipopelekwa Roma, na alichosomea ni sheria hizihizi za Kanisa. Mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Kijana akacheka, akasema yeye anatafuta nauli tu.

Tulizungumza na jambo lisilopendeza. Mwaka 2001 idara ya Roma inayosimamia nchi za misioni ilitoa maelekezo juu ya mapadre wanaotumwa ng’ambo, kwa sababu baadhi yao walikwenda kusoma wakasahau njia ya kurudi. Tunawafahamu, tulisoma nao. Hatuwahukumu, maana upweke wa mtu haupimwi kutoka Kimali. Lakini mfadhili makini atauliza, na Baba Askofu ataandika katika barua yake, kwamba padre huyu anatumwa na anasubiriwa. Na hakuna jibu zuri la swali hilo kama mchango wa nyumbani. Anayesubiriwa na ofisi anaweza kuongeza muda kwa barua. Anayesubiriwa na watu waliouza mbuzi hulala vibaya akichelewa.

Kwa hiyo Dominika ijayo, baada ya matangazo, kijana huyu atasimama mbele yenu mwenyewe. Tumekataa kumsemea. Atawaambia ada ni kiasi gani, jimbo limeahidi nini, na kimepungua nini. Mwenye dengu alete dengu. Asiye na kitu mwaka huu, na tunajua mvua zilivyokuwa, asijifiche nyuma ya kanisa. Aje amsalimie tu, maana naye atahesabiwa miongoni mwa wanaomtuma.

Usiku ule aliandika upya mezani kwetu, kwa mkono, akifuta na kuandika hadi taa ya sola ikafifia. Ile sentensi ya pili sasa inasema kwamba anatoka kwa wakulima wa pamba na wafugaji ambao wamekwisha kuchanga sehemu ya ada yake. “Lakini bado hawajachanga,” tukamwambia. Akaifuta, akaandika “wataombwa kuchanga”, na akakubali kuituma baada ya Dominika.

Asubuhi, alipokuwa anaaga, akauliza kama aambatishe picha ya kigango chake. Tulimwambia aambatishe kwa sharti moja, awaulize kwanza wanaoonekana ndani yake. Akapita kigangoni kuwauliza. Akina mama wa WAWATA waliokuwa wanafagia kanisa walikubali, lakini wakasema hawapigwi picha na mafagio mkononi, wakarudi majumbani kuvaa sare, wakatuma watu kuwaita wenzao, na mwenyekiti akataka wapangwe kwa urefu. Tulipompigia simu saa tano alikuwa bado amesimama juani anawasubiri, na basi la Bariadi lilikuwa limeshamwacha.