Usalama wa Msumeno Huanzia Barabarani

Ukituma pesa nyumbani ili mwembe ulioinamia paa la wazazi ukatwe, umeajiri fundi. Wengi wetu tulio ughaibuni hatujioni hivyo. Tunauliza bei, tunatuma kwa simu, tunasubiri picha ya kisiki. Naomba tuulize na jambo jingine: msumeno ulifikaje pale?

Hapa Uingereza, ninakofanya kazi ya kutunza miti, siku huanza kwa kupakia gari, na upakiaji hauharakishwi. Mnyororo wa msumeno hukata hata injini ikiwa imezimwa, hivyo bapa huvishwa ala na breki ya mnyororo hufungwa kabla msumeno haujabebwa. Petroli hukaa kwenye dumu lake maalumu, limefungwa lisipinduke, mbali na tunapoketi. Kamba na mikanda ya kukwelea ina mfuko wake peke yake, kwa sababu asidi ya betri ikigusa nailoni huidhoofisha, na jicho linaweza lisione kitu. Mashine ya kusaga matawi huvutwa nyuma ya gari, na dereva hakanyagi mafuta kabla ya kukagua kiungo, taa na waya wa dharura unaofunga breki za mashine endapo itachomoka. Tukifika, msumeno ukishajazwa mafuta husogezwa angalau mita 4 ndipo uwashwe.

Kanuni za huku Uingereza za mwaka 1998 zinataka vifaa vinavyombeba mtu juu ya mti vikaguliwe na mjuzi kila baada ya miezi 6. Gharama ni ya mwajiri. Kamba iliyokataliwa hukatwa vipande ili mtu mwingine asiiokote akaipandia.

Nyumbani Muheza, fundi huja kwa bodaboda. Msumeno umelazwa begani, meno wazi, shingo ya dereva ipo karibu. Petroli imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, na ikiwekwa chini ya kivuli, mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Kamba ya katani iliyofunga mizigo na kunyeshewa ndiyo hiyo hiyo itakayomshikilia mtu juu ya paa.

Simlaumu fundi. Analipwa kwa mti, mara nyingi msumeno wenyewe ni wa kukodi, na akitoa pesa ya mwenye msumeno, ya petroli na ya msaidizi, kinachobaki hakinunui helmeti. Ujuzi anao. Hugonga shina na kusikiliza kama lina uwazi ndani, hutazama upepo, hujua tawi la mkorosho lisivyoaminika. Adabu ya makali nayo tumelelewa nayo: ukimpa mwenzio panga, unampa mpini. Msumeno unastahili adabu hiyo hiyo, tena zaidi.

Na mengi ya kuanzia ni ya bei ndogo. Mpira wa maji ukipasuliwa kwa urefu huvishwa kwenye mnyororo ukawa ala. Kidumu cha petroli kipakwe rangi nyekundu na kisitumike kwa kingine. Kamba ya kupandia isifunge mzigo kamwe. Vyombo vikisafirishwa kwa kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, vifungwe nyuma, na watu wakae mbele.

Wazee wetu wasiachiwe mzigo wa kudai haya, sisi tunaolipa ndio tuyaseme mapema, kwa heshima, tunapopatana bei: “Fundi, nauli ya kirikuu ipo, na pesa ya kamba mpya ipo.” Ukiongea hivyo, umempa nafasi ya kufanya kazi vizuri bila kupunguza riziki yake.

Neno la mwisho kwa wanaojaza makontena: buti na suruali za kazi zilizo nzima zitumeni, zitafaa sana. Kamba na mikanda iliyostaafishwa huku msiitume. Kama haifai kumbeba kijana wa Leeds, haifai kumbeba kijana wa Muheza.