Mtoto wa ndege akiwa chini, usimkimbize nyumbani



Juma lililopita, saa ya mapumziko, mtoto mmoja mwanaume wa darasa letu la tatu aliingia akiwa amefunga mikono miwili kama mtu anayebeba maji. Nyuma yake walimfuata karibu nusu ya darasa. Alifungua vidole kidogo, tukaona jicho jeusi na mdomo uliofunguka kabisa. «Madamu,» akasema, «huyu hana mama.»

Mtoto huyo analelewa na shangazi yake tangu familia yao ilipotawanyika wakati wa kukimbia vita. Kwa hiyo hatukumwambia «tupa hiyo, nawa mikono,» kama tungesema siku nyingine. Tulikaa naye chini pale mlangoni, tukatazama vizuri kile alichobeba.

Tena, tulikuwa na deni la zamani. Mwaka jana, kipindi cha mvua kama hiki, msichana mmoja alituletea mtoto wa ndege wa namna ile ile. Tulifurahi kuonekana mwalimu mwenye huruma mbele ya watoto. Tukamtia ndani ya karatoni, tukamwandalia kitambaa, jioni tukaenda naye nyumbani. Tulimpa bugali iliyolainishwa kwa maji, na alipokataa kumeza tukamdondoshea maji mdomoni kwa kijiko. Asubuhi alikuwa amekufa. Msichana hakulia sana. Aliuliza tu: «Madamu, mama yake alirudi kumtafuta pale mahali?» Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu hatukuwa tumefikiri hata kidogo juu ya mama yake.

Baada ya siku ile tulianza kuuliza. Tulimuuliza mwenzetu anayefundisha biolojia kwenye sekondari, tukawauliza na wazee wanaolinda mpunga, ambao kwa kweli wanajua ndege kuliko sisi tuliosoma ualimu. Hiki ndicho tulichokipata.

Kwanza mtazame mwili wake. Kama ana manyoya karibu mwili mzima, anasimama juu ya miguu yake na kurukaruka, hata kama mkia bado ni mfupi na mabawa hayamwinui, huyo hakuanguka. Ametoka mwenyewe. Ndege wengi wadogo huacha kiota kabla ya kujua kuruka sawasawa. Yule wa rangi ya kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayetuamsha kila asubuhi juu ya miembe (vitabu vya Kiswahili humwita shore), watoto wake hukaa kiotani majuma mawili tu hivi. Kisha wanatoka, na wazazi wanaendelea kuwalisha chini, vichakani, siku nyingi.

Kwa nini watoke mapema hivyo? Kiota chenye watoto wakubwa kina makelele. Nyoka akikigundua, anamaliza wote kwa mara moja. Wakitawanyika, huyu kwenye kichaka hiki na yule kwenye kichaka kile, mmoja akipatikana wengine wanapona. Siku zile za kurukaruka chini ni za hatari sana, hatukatai. Lakini ni siku za masomo. Anajifunza kuruka, anajifunza wadudu, anajifunza kunyamaza mwewe akipita juu. Nani kati yetu atamfundisha hayo ndani ya karatoni?

Basi ukimkuta huyo mwenye manyoya, mwache. Kama yuko njiani pale pikipiki zinapopita, au kuku na paka wako karibu, mchukue polepole, umweke ndani ya kichaka au juu ya tawi la chini, hatua chache kutoka pale ulipomkuta, mahali penye kivuli. Hapa kwetu bondeni jua la saa sita linaweza kummaliza upesi. Kisha ondoka. Hilo la kuondoka ndilo gumu kwa watoto, hata kwa watu wazima. Ukisimama karibu ukimtazama kwa huruma, mama yake yuko juu ya mti na kiwavi mdomoni, anaogopa kushuka kwa sababu yako.

Wengi tuliambiwa na bibi zetu kwamba mkono wa mtu ukimgusa, mama atasikia harufu na kumkataa. Si kweli. Ndege hawa hawamtambui mtoto kwa harufu ya mkono. Wanaifuata sauti yake, na wanarudi pale walipomwacha. Labda bibi walisema hivyo ili tusichezee viota, na kwa hilo tunawashukuru.

Akiwa hana manyoya, yuko uchi, macho yamefungwa au yameanza tu kufunguka, hapo ameanguka kweli. Huyo anahitaji msaada, tena haraka, kwa sababu baridi itamuua kabla ya njaa. Mshike ndani ya mikono mpaka apate joto, tafuta kiota juu ya mti, umrudishe. Kiota kikiwa kimevunjika kwa upepo, chukua kitunga kidogo au kopo uliloling'oa matundu chini ili maji ya mvua yatoke, tia nyasi kavu, ulifunge kwenye mti ule ule, karibu na pale kiota kilipokuwa. Mara nyingi wazazi wanakubali nyumba hiyo mpya.

Na usimpe maji mdomoni. Hilo tunaliandika kwa uchungu. Tundu la pumzi la ndege liko pale nyuma ya ulimi wake, na tone la kijiko linaweza kuingia humo na kwenda mapafuni. Maji anayoyahitaji anayapata ndani ya wadudu anaoletewa. Maziwa pia hapana, wala mkate, wala bugali yetu. Usimweke pamoja na vifaranga vyako, maana ndege wa porini anaweza kuleta ugonjwa kwenye kuku, na baada ya kumgusa nawa kwa sabuni.

Tulipoeleza mambo haya kwenye mkutano wetu, mama mmoja alicheka sana. Alisema: «Watoto wangu wanakaa mchana kutwa kwenye mpunga wakipiga makopo kufukuza ndege, na wewe unawafundisha kuwalea?» Tulicheka naye. Ana haki, mpunga ndio karo yetu ya shule, na wanaokula mpunga wafukuzwe tu. Lakini huyu wa kichwa cheusi hali mpunga. Anakula matunda, ndiyo, na mapapai yetu anayaharibu bila haya. Ila watoto wake anawalisha wadudu: viwavi, panzi, vile vile vinavyokula lengalenga zetu.

Mama mwingine alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akasema kwamba siku ya kukimbia, pale kwenye barabara ya Uvira, alikuta mtoto wa miaka mitatu amesimama peke yake akilia. Watu walimwambia ambebe waende, risasi hazikuwa mbali. Alikaa naye chini ya mwembe, hatua chache pembeni ya barabara. Alisema alihesabu watu waliopita ili asiogope. Mama wa mtoto alirudi mbio, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa amebeba wadogo wawili, akadhani huyu yuko na kaka yake. «Kama ningembeba mpaka Uvira,» alisema, «angemtafuta wapi?» Hatukuendelea na mkutano mara moja.

Turudi shuleni. Wa juma lililopita alikuwa na manyoya, alisimama, alitupigia kelele. Tulimuuliza kijana wetu alipomtoa. Alituonyesha: chini ya ua wa shule, upande wa mashamba. Tulimrudisha pale, ndani ya kichaka, yeye mwenyewe akamweka kwa mikono yake. Kisha tukawaingiza wote darasani, tukawaruhusu kutazama kupitia dirishani kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayesema neno. Watoto hamsini na kitu. Wamama, hatujawahi kupata ukimya wa namna ile hata siku mkaguzi alipotutembelea.

Dakika zilipita. Kijana alianza kututazama kwa jicho la kusema tumemdanganya. Sisi wenyewe tulianza kuogopa. Mara ndege mkubwa akatua juu ya ua, akapiga kelele, na kutoka kichakani tukasikia jibu dogo. Alishuka. Alikuwa na kiwavi cha kijani. Akaruka tena, na baada ya muda akarudi, na wa pili alikuwa naye. Tuliwaambia watoto wahesabu kila safari kwa vijiti vyao vya hesabu. Mpaka kengele ya mwisho ilipolia, walikuwa wamefikisha vijiti kumi na tisa, ingawa wawili wa nyuma walidai ni ishirini na tukabishana.

Kijana wetu hakushangilia kama wengine. Aliuliza kama huyo wa pili ni baba. Tulisema ndiyo, wanalisha wote wawili. Akasema, «Basi wote wawili wako.»

Kesho yake kichaka kilikuwa kitupu. Hapakuwa na manyoya yaliyotawanyika wala damu, tulitafuta kabla watoto hawajafika. Upande wa mashamba, ndani ya mihogo, ile sauti ndogo ilikuwa inasikika. Sasa saa ya mapumziko kijana anasimama pale uani na fimbo, anafukuza kuku wa majirani, na wawili wenzake wenye manati wamezifunga mfukoni kwa amri yake.