Nani Alishika Koki?

Mdogo wangu anasoma kemia chuo kikuu. Kabla ya kila kipindi cha maabara hutazama video zinazoonyesha bureti inavyosuuzwa, inavyojazwa na kusomwa, jicho likiwa usawa mmoja na kimiminika. Naiunga mkono njia hiyo: kwao bureti moja hutumiwa na wanafunzi wanne, na asiyejiandaa hula muda wa wenzake. Lakini Aristotle, ambaye sisi wa falsafa hatuchoki kumtaja, aliandika kwamba mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Fenoftalini hugeuka waridi kwa tone moja tu, na mkono usioizoea koki hupitiliza. Kwa hiyo akipiga simu simwulizi ametazama video ngapi. Namwuliza: leo nani alishika koki? Mara mbili sasa amenijibu, “Mimi nilikuwa naandika.”