Kirolirwe, kando ya barabara: bango linalosema na bango linalonyamaza



Anayefika Kirolirwe asubuhi, wakati ukungu ungali juu ya malisho ya ng'ombe, anatukuta sisi wamama tumekwisha kukaa kando ya barabara na mizigo yetu: fromaji, viazi, kabichi, maziwa katika madumu. Upande mmoja ni njia ya Sake na Goma, upande mwingine ni Burungu na Kitchanga. Kabla ya kulipa nafasi kwenye kamioni, kila mmoja anauliza kwanza: «Huko mbele kunapitika?»

Jibu tunalisoma njiani. Matawi mabichi yakilazwa barabarani, shofere anajua kwamba nyuma ya kona kuna gari lililokufa ao lililozama katika matope. Shofere anayepanda anasimama kidogo kumwambia anayeshuka. Motari naye anapaza sauti bila kusimama. Hayo ndiyo mabango yetu, na mara nyingi yanatosha.

Lakini si kila mara. Msimu wa mvua uliopita mmoja wetu alikuwa anapeleka Sake mtoto mwenye homa kali. Motari akamwambia njia imefungwa, kamioni imelala katika matope. Mama akarudi nyumbani. Kumbe kamioni ile ilikwisha kuvutwa tangu saa sita, naye aliambiwa saa tisa. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini usiku ule mama yake hakufunga jicho. Motari hakusema uongo. Alikuwa amebeba habari ya asubuhi.

Tulikuwa bado tunalizungumzia jambo hilo kikundini wakati binti wa mmoja wetu, anayeishi Uingereza, alipotutumia picha kwenye telefone. Ni barabara kubwa ya magari, na juu yake bango jeusi linaloonyesha kwa taa namba 40 ndani ya duara nyekundu. Sisi walimu hatuwezi kuacha picha ya namna hiyo ipite hivi hivi. Tulimwuliza maswali mpaka megabaiti zetu zikaisha.

Akatueleza kwamba mabango yale hayafanani. Ya zamani ni madogo, yanasimama juu ya mlingoti katikati ya barabara, na yanajua mambo machache tu: namba ya mwendo ao alama ya njia iliyofungwa. Mengine ni marefu, yanaandika maneno: foleni mbele, ukungu, ajali. Mapya yanaongeza michoro ya rangi, na mtu asiyesoma vizuri lugha yao anaelewa palepale. Tena kuna yale yanayovutwa na gari kama mkokoteni, na mengi ya hayo yana paneli ya jua juu yake. Yanawekwa pale wanapotengeneza barabara, kisha yanahamishwa.

Jambo lililotushangaza ni lile la duara. Namba bila duara nyekundu ni shauri: shofere anaombwa apunguze. Namba ndani ya duara ni sheria, na anayeipita anaweza kulipa faini. Msalaba mwekundu juu ya sehemu moja ya barabara maana yake usipite hapo kabisa, pengine kuna watu waliolala chini baada ya ajali. Kumbe bango lilelile linaweza kushauri na kuamuru, na dereva lazima ajue tofauti kwa kutupa jicho mara moja tu. (Ile 40, kwa wanaojiuliza, ni maili, kwetu ni kama kilometa 64 kwa saa.)

Na foleni ikiisha, taa zinazimwa. Bango linanyamaza. Hapo tulitazamana, kwa sababu kwetu matawi yanabaki barabarani hata siku mbili baada ya gari kuondoka, mpaka mashofere wanayakanyaga bila kupunguza mwendo.

Msifikiri mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2013 mjini Kinshasa roboti za kuongoza magari zilianza kazi. Zilikuwa ndefu kuliko mtu, zilitumia nguvu ya jua, zilikuwa na taa nyekundu na kijani, na ziliwaambia watembea kwa miguu wakati wa kuvuka. Aliyezibuni ni mama mwenzetu, injinia Thérèse Izay Kirongozi.

Na Goma wana alama za volkano: kijani, njano, rangi ya machungwa, nyekundu. Kila mtoto wa shule anazijua. Lakini jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitema moto bila wakaaji kupata onyo kwanza. Tarehe 27 amri ya kuhama sehemu ya mji ilipotoka, wengi walishika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Rangi haigeuki yenyewe. Ni lazima awepo mtu anayeangalia mlima na anayepewa vyombo vya kuuangalia.

Basi sisi tumeanza na tulichonacho. Ubao mmoja wa darasani uliopasuka pembeni tumeuweka hapo wamama wanapongojea kamioni. Habari ya njia inaandikwa kwa chaki, na chini yake saa iliyoletwa, pamoja na jina la upande alikotoka aliyeileta. Kwa wasiosoma tunachora: tairi ndani ya matope ni kamioni iliyokwama, mstari mrefu ni njia wazi. Habari isiyo na saa hatuiandiki, hata akiileta mtu mkubwa.

Kinachobaki ni kubishana juu ya kufuta. Siku za shule wanafunzi wa darasa la sita wanafuta saa kumi na moja. Siku ya soko kila mama anasema alidhani mwenzake amefuta, na Jumamosi iliyopita ile tairi ililala pale mpaka Jumapili asubuhi. Anayekaa karibu na ubao na yuko tayari kushika kitambaa, aje kwenye mkutano wa kikundi.