Amana ya Bi Harusi: Sungura na Paka Ndani ya Nyumba Moja

Leo hatuna habari ya liwa wala ya mishono mipya. Leo tunakusimulieni kosa letu wenyewe, ili mwenye sungura ndani ya nyumba, hasa bi harusi anayehama na mnyama wake, asije akalirudia.

Sie ni ndugu wawili, kazi yetu kushona nguo za maharusi, na chumba cha kushonea kimo humu humu nyumbani. Mteja wetu mmoja alikuwa na sungura jike mweupe, kamlea mwenyewe tangu yuko skuli. Ukweni anakokwenda kuna paka, akaogopa kufika na sungura siku ile ile anayofika yeye. Akatuomba tukae naye wiki mbili mpaka fungate limalizike na atulie. Tukakubali. Na sie tuna paka, lakini tulimuona mpole, hata panya hamshughulishi.

Sungura aliletwa na tundu lake. Tulipomtazama tukamuonea huruma. Kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha tumefunzwa tangu chuoni, tukasema kwetu hafungwi mtu. Siku hiyo hiyo tukamfungulia, akawa anazunguka chumba kizima pamoja na paka. Nia ilikuwa njema. Maarifa ndiyo hatukuwa nayo.

Siku ya tatu alikuja mteja kupima gauni, tukatoka sote wawili kumpokea ukumbini. Mara tukasikia kishindo: pu, pu, pu. Hatukujua kuwa sungura akiona hatari hupiga sakafu kwa miguu ya nyuma. Tulipoingia, paka yuko juu ya meza, na sungura kajibana nyuma ya cherehani anatetemeka. Hatukuona damu. Tukamrudisha tunduni, tukaendelea na kupachika shanga.

Jioni hakula. Asubuhi majani yake yako vile vile, na choo hakuna. Mmoja wetu akasema muacheni, akisikia njaa atakula. Mwengine hakuridhika, tukamfunga kwenye kikapu tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alipofunua manyoya shingoni tukaona mkwaruzo mdogo wa kucha. Akatueleza kuwa utumbo wa sungura unatakiwa ufanye kazi muda wote. Hofu au maumivu yakimfanya aache kula, utumbo husimama, gesi humjaa, na kutapika hawezi. Saa 12 bila kula ni jambo la kukimbiza kwa daktari, si la kusubiri. Na mkwaruzo wa paka, hata uwe mdogo, huingiza vijidudu vinavyoweza kumuua.

Alipigwa sindano, tukapewa dawa na tukaonyeshwa namna ya kumlisha kidogo kidogo kwa bomba la sindano. Daktari akatuonya tusimpe dawa za kwetu. Amoksilini ya kumeza, ambayo haikosekani kwenye makabati yetu, huua sungura.

Usiku ule shetani alitujia, hatukufichini. Tulianza kupanga maneno: tumwambie aliugua tu mwenyewe, wanyama huugua. Nani angelijua? Paka hasemi. Lakini yule binti hakutuachia mnyama tu, alituachia amana, na amana ina mwenyewe na ina Mola wake. Tukampigia simu, yumo ndani ya fungate lake, tukamwambia kila kitu, na kwamba kosa ni letu. Alilia. Kisha akauliza neno moja tu: "Anakula?" Tukamjibu bado. Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko kosa lenyewe.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alfajiri, tulimkuta anatafuna ukoka. Alhamdulillah. Tulipiga simu kabla hata jua halijachomoza.

Zile siku zilizobaki tulianza upya. Sungura alikaa chumba chake, paka kwake. Tulimpangusa kila mmoja kwa kitambaa, tukakiweka karibu na chakula cha mwenziwe, ili harufu izoeleke. Baadaye wakaonana kwa mbali, sungura akiwa nyuma ya wavu, dakika chache, paka akiwa ameshiba. Paka akikodoa macho na kuchezesha mkia, basi leo imetosha. Kuwaacha pamoja bila mtu chumbani, hapana, hata wakionekana marafiki. Na sungura tulimwekea boksi lenye milango miwili, apate kukimbilia bila kuzibiwa njia.

Chumba nacho kina mambo yake. Meno ya sungura hayaachi kuota, kwa hivyo hutafuna kila anachokikuta, na waya wa pasi au wa cherehani ni kifo. Tulizipandisha waya zote juu. Pini, nyuzi na vipande vya lasi tunafagia kabla hajafunguliwa. Chakula chake kikubwa ni majani kama ukoka, safi na makavu. Mkate na biskuti si vyake. Joto letu pia humsumbua, kwa hivyo hukaa kivulini penye upepo, na maji hayamkosi.

Kuhusu usafi, tuliofunzwa madhehebu ya Shafi twajua mkojo wa mnyama ni najisi. Sungura hufundishika kutumia beseni pembeni, likiwekwa karatasi na majani makavu, lakini chumba cha kusalia tulikifunga kabisa, na gauni za watu hazishuki sakafuni.

Bi harusi alikuja mwenyewe kumchukua. Tulikuwa tumejitayarisha kwa lawama. Alimpakata, akamkagua shingo, akakaa kimya, kisha akasema: "Mngenificha, nisingekuaminini tena hata kwa sindano." Akatuuliza hatua zote moja moja, akaziandika kwenye simu. Ukweni kachukua mwezi mzima kuwazoesha, na mama mkwe ndiye anayeshika zamu ya kumuangalia paka.

Mpenzi, ukiwa na mnyama wako, mwambie mchumba mapema, kabla ya siku ya harusi. Na ukiachiwa wa mwenzio, uliza kwanza kabla ya kumfungulia mlango. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma yenye maarifa, na atuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.