Kelele zisizosikika kwenye mashine ya mdogo wangu

Uchindile vipande vya mbao havikosekani. Milima ya kwetu ina mashamba makubwa ya misonobari na mikaratusi, na maseremala hutupa mabaki ambayo mjini yangeuzwa. Mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha nne, aliona kazi katika mabaki hayo: kuchonga majina, vibao vya milango na vishikio vya funguo kwa mashine ndogo inayoongozwa na kompyuta.

Mashine aliiunganisha mwenyewe: fremu ya chuma, bodi ndogo ya Arduino, mota tatu za kusogeza na ya nne ya kuzungusha kisu. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye mahindi ya mama.

Shida yake ilikuwa ya ajabu. Ikisogea bila kukata, ilitulia. Kisu kikianza kuzunguka, dakika chache tu inasimama ghafla, na kompyuta inaandika kwamba imegonga mwisho wa reli yake. Nayo iko katikati ya ubao! Kila ikisimama, kibao kimeharibika. Mama akamwambia: "Mwanangu, mwezi huu ukiisha bila kibao kizima, uza hicho chuma tununue mbolea."

Nilipokwenda likizo nilikuta mezani koleo la kukatia waya. Kijana mwenzake alimwelekeza kwa simu kwamba dawa ni kukata waya wa ethi kwenye plagi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. "Dada, wewe wa mambo ya hospitali unaonaje?" akaniuliza.

Mimi si fundi umeme. Lakini kazi ya kuandika habari za afya imenikutanisha na tatizo la namna hiyo hiyo, kwenye kipimo cha moyo cha ECG. Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni mdogo sana, kama milivolti 1. Nyaya za ukutani zina volti 230, zinazobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Basi muuguzi hukuambia ulale bila kutikisika, huweka simu mbali na kusogeza nyaya zisipite karibu na plagi. Kile kibandiko cha mguu wa kulia hakipimi moyo; kazi yake ni kusaidia kupunguza mwingilio huo. Wahandisi huuita kelele, ingawa sikio halisikii chochote.

Mashine ya mdogo wangu ilikuwa mgonjwa wa namna hiyo. Kila mwisho wa reli pana swichi ndogo inayoiambia bodi, "nimefika, simama." Waya wa swichi hiyo aliufunga pamoja na waya wa mota ya kisu ili upendeze. Mota ile ina brashi zinazotoa cheche ndogo, na kila cheche hurusha mruko wa umeme kwenye waya wa jirani. Bodi inapokea mruko na kudhani swichi imebonyezwa. Haijui kutofautisha.

Tuliandika orodha, tukarekebisha jambo moja kila mara na kujaribu kabla ya kwenda kwa jingine. Kwanza alitenganisha nyaya: za mota upande huu, za swichi upande ule, na zinapolazimika kukutana zipishane kama msalaba. Kusimama kukapungua, hakukuisha. Kisha waya wa kwenda na wa kurudi wa kila swichi akausokota pamoja, akautia ndani ya waya wenye wavu wa chuma kama wa antena ya televisheni. Wavu huo aliuunganisha upande wa bodi tu, maana ukiunganishwa pande zote mbili unaweza wenyewe kubeba mkondo usiotakiwa.

Mwisho aliweka rezista ya ohmu 4,700 ya kuishikilia ishara na kapasita ya maikrofaradi 0.1 ya kumeza miruko mifupi. Vifaa hivyo ni vidogo na bei yake ni ya chini. Jioni ile kibao cha kwanza kilitoka kizima, kina jina la mama.

Koleo je? Hapo sikukubali hata kidogo. Fremu ni ya chuma. Waya wenye umeme ukilegea ndani na kuigusa, waya wa ethi ndio unaoupeleka mkondo ardhini, na swichi ya usalama inakata. Swichi nyingi za nyumbani hutengenezwa zikate mkondo ukivuja miliampia 30, kwa sababu zaidi ya hapo moyo uko hatarini. Ukikata ethi, fremu inabaki na umeme ikisubiri mkono wa mtu, labda mtoto asiye na viatu. Tulimwita fundi umeme mwenye leseni. Akakuta tundu la tatu la soketi halikuunganishwa na kitu. Akachimbia fimbo ya shaba, akaunganisha, akabonyeza kitufe cha kujaribia swichi. Ilikata.

Mzazi, kama nyumbani kuna kijana anayeunga mashine, huhitaji kujua kompyuta ili umlinde. Muulize mambo matatu. Waya wa ethi upo na umepimwa na fundi? Kitufe chekundu cha dharura kinakata umeme wa mota moja kwa moja, au kinaiomba kompyuta tu? Waya wa swichi ukikatika, mashine inasimama au inaendelea? Swichi ikifungwa kwa namna ambayo mkondo hupita muda wote na kukatika inapoguswa, waya ukikatika mashine husimama yenyewe.

Na usisahau vumbi la mbao na macho. Barakoa na miwani ya kazi ni sehemu ya mashine.

Mama ameacha kuzungumzia kuuza, ila ameweka sharti: bila viatu na miwani, haiwashwi, na wadogo wakiwa chumbani, plagi inakaa mfukoni mwake.