Kurasa 9 kwa Miezi 7: Akomae na Katuni ya Naruto au Aipige Chini?

Kuna dada mmoja wa Tabata, miaka 24, anachora katuni ya mashabiki kutoka kwenye Naruto. Hana tableti wala kalamu ya maana. Anachora kwa kidole kwenye simu, tena usiku, akishatoka stationery anakotengeneza kadi za harusi. Ameanza miezi 7 iliyopita na ana kurasa 9. Stori aliyoipanga ni ya kurasa 120.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa mwendo huo, stori nzima itakula karibu miaka 8. Simu yenyewe haitafika huko!

Kaka yake alimchana live: "Mdogo wangu, hao wahusika siyo wako, huwezi kuuza hata tisheti. Muda huo si uchore logo za watu upate maokoto?" Na tusidanganyane, kaka ana pointi. Naruto ni mali ya watu. Shabiki akichora kwa mapenzi mara nyingi anaachwa, akianza kuuza ndo anajitafutia kesi.

Sasa kwa nini asichore wahusika wake mwenyewe? Jibu ni Tenten.

Waliokua na Naruto wanamjua. Yule binti wa silaha, timu moja na Rock Lee na Neji, ambaye kila siku anapewa nafasi kiduchu mpaka mashabiki wanamtania. Neji anafia vitani, stori inasonga mbele, na Tenten anabaki pembeni kama kawaida yake.

Huyu dada nao walikuwa watatu. Form Three, flash moja, laptop ya kuazima, wanaangalia mpaka bundle la umeme linakata. Mmoja wao alikuwa anajiita Neji. Alifariki kwa ajali ya bodaboda kabla matokeo ya Form Four hayajatoka. Wa tatu yupo Mwanza siku hizi, wanachat mara moja moja, na jina la marehemu halitajwi kabisa. Katuni ilikuwa njia yake ya kulitaja. Ndo maana ushauri wa "chora za kwako" haumwingii.

Ishu ikabaki kasi. Kosa ambalo wachoraji wengi wa mtaani wanafanya ni kujipima na Masashi Kishimoto, aliyeanza Naruto mwaka 1999 akamaliza 2014 na sura 700. Jamaa ile ndo ilikuwa kazi yake, na alikuwa na wasaidizi. Wewe una simu na usingizi.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi. Mjapani anayejiita ONE alianza kuweka One-Punch Man mtandaoni mwaka 2009, michoro yenyewe ya kawaida sana, mingine kama ya daftari la shule. Watu walisoma kwa sababu stori ilikuwa kali. Mwaka 2012 ndo Yusuke Murata akaanza kuichora upya kwa ule ufundi tunaoujua. Msomaji anasamehe mkono mbovu. Asichosamehe ni stori ya kurasa 120 inayoishia ukurasa wa 9.

Basi dada akafanya maamuzi. Zile kurasa 120 amezipiga chini. Amebaki na tukio moja tu: Tenten na Lee wanarudi uwanja wa mazoezi kwa mara ya kwanza bila Neji. Kurasa 16, basi. Rangi ameitoa, maana ndiyo ilikuwa inakula nusu ya muda wake, sasa ni nyeusi na nyeupe. Kati ya zile 9 za mwanzo, 4 tu ndo zinafaa. Inauma, lakini zimebaki 12. Logo za watu atachora Jumamosi, katuni usiku mwingine. Na haposti chochote mpaka zote 16 ziishe.

Ukurasa wa tano ulipokamilika alimtumia yule wa Mwanza. Tiki za bluu zilikaa siku nzima bila jibu. Kesho yake ikaja voice note ya dakika sita, na jina la marehemu lilikuwemo.

Mdau, ungekuwa wewe ungefuata ushauri wa kaka au ungekomaa? Funguka hapo chini.